Kamba ya Titus

Jumapili, 3 Machi 2024

Hili lilikuwa daftari la hesabu la mtoto wetu Gentrix. Aliandika kurasa tatu, akalitupa chini ya kitanda na kurudi bwenini. Nimezichana zile tatu na sasa ni langu. Miaka tisa niliyofundisha chekechea niliandika maandalio kila jioni, na tangu niache kazi ile mkono haujatulia. Nitaandika habari za mvua hii mpaka maji ya mto yapungue.

Titus ameniona na kalamu. "Mwarimu ameregea shure!" Katika maneno matatu amekosea mawili. Kuregea namsamehe, huku kwetu hakuna anayesema kurejea. Lakini mwarimu? Baada ya miaka kumi na tisa ya kulala na mwalimu?

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Dakika kumi tu, vumbi halikulowa vizuri. Titus alisimama mlangoni akitabasamu peke yake.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumemaliza kutengeneza uzio. Uko pale mto Nzoia unapopinda, chini ya barabara ya Ekero, na ulikuwa wa babu yake Titus: nguzo za miti zimekitwa majini, matete yamesukwa katikati, na kumeachwa mapengo saba. Kila pengo linawekwa mgono, kikapu kirefu cha fito ambacho samaki akiingia hatoki. Mvua ikikolea, kambare na ningu wanapanda mto kwenda kutaga, na ndiyo miezi mitatu inayotulisha mwaka mzima. Watu wengine hapa wana miwa. Sisi tuna mapengo saba.

Titus huingia majini na kamba ya manila kiunoni. Mimi hukaa ukingoni, kamba nimeizungusha mara mbili kwenye kisiki cha mkaratusi. Maneno yetu ni mawili. Akisema "shika," nakaza. Akitaka kusogea mbele anasema "regeza," yaani legeza, nami naachia kidogo kidogo. Nimemwambia mara elfu: Baba Gentrix, ni le-ge-za. Naye hunijibu vile vile kila mara: "Rakini si unasikianga?"

Nasikia. Ndiyo maana naudhika.

Jumanne, 12 Machi

Mama mkwe wangu anaitwa Khalayi, na nyumba yake ni hatua ishirini kutoka yangu. Leo nimepita na ndoo, nikamkuta na Titus wanaongea Kiwanga, na nilipowakaribia wakacheka. Walicheka nini? Titus anasema ni habari ya kuku. Kila siku ni kuku.

Mimi ni Mmaragoli, na Kiwanga sijawahi kujisumbua kujifunza. Gentrix alipozaliwa niliweka sheria kwamba nyumbani kwangu ni Kiswahili, na kiwe kizuri. Darasani mtoto aliyeongea lugha ya kwao nilimvisha disiki, kile kibao cha aibu, shingoni mpaka saa ya kwenda nyumbani. Titus alisikia habari hiyo akaniinamishia shingo mbele ya wageni. "Nivishe yangu mapema, Mwarimu." Lakini sheria ameishika. Na mimi hajawahi kuniongelesha lugha nyingine, hata tukigombana.

Jumapili, 17 Machi

Kambare sita. Adhiambo, anayekaanga samaki pale sokoni Ekero, alikuja kuwachukua mwenyewe.

Jumapili, 24 Machi

Mama mkwe amekuja wakati tunakula, akakataa kiti. Alisema na Titus kwa muda mrefu, akinyoosha mkono upande wa mtoni. Titus akanitafsiria: maji ya mwaka huu si mazuri, ameyaona rangi yake, tungoje kwanza. Nikasema mtu aliyekula samaki wa mto huu miaka arobaini na tano leo ndiyo anauogopa? Nilisema kwa Kiswahili changu cha haraka nikidhani hatashika. Alishika. Aliondoka bila kuaga.

Huyu mama anataka mwanawe akae jikoni kwake. Basi.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Tulikula ingokho na obusuma, kuku na ugali, kwa mama mkwe. Alinipa firigisi, ambayo kwao ni ya mwanamume. Sikujua nifanye nini nayo, nikampa Titus.

Jumapili, 14 Aprili

Migono yote saba imejaa. Yote! Ningu walikuwa wengi hata Titus akawa anacheka ndani ya maji, na mimi nacheka huku juu na kamba mkononi. Gentrix amefunga shule, amekuja na kuondoka tena; shangazi yake wa Chekalini anamtaka kwa palizi ya mahindi.

Tukirudi nyumbani Titus alibeba kikapu na kunishika mkono mbele ya wachimba mchanga. Onesmus, yule anayechimba ng'ambo, akatupigia mluzi. Niliona haya, lakini mkono sikuuondoa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Maji yamefika kwenye miwa ya jirani.

Jumatatu, 29 Aprili

Redioni wanasema shule hazifunguliwi, kuna mafuriko nchi nzima. Mgono wa kwanza umeng'oka, na wa tatu pia. Titus anazunguka boma mikono nyuma. Uzio ukienda, kuujenga tena ni mwezi mzima, na samaki hawatatungoja. Mimi ndiye niliyesema afadhali tuokoe migono mitano iliyobaki. Naandika hapa ili nisije nikasema ni yeye.

Ijumaa, 3 Mei

Maji yalimchukua Titus jana asubuhi.

Jumatatu, 6 Mei

Onesmus na wenzake wamempata, chini ya daraja.

Jumamosi, 11 Mei

Tumemzika. Mtu aliyechukuliwa na maji hapa haingizwi ndani ya nyumba, kwa hivyo alilala chini ya hema nje ya mlango wake mwenyewe, mvua ikigonga turubai. Niliomba aingizwe hata kwa dakika moja, wazee wakakataa. Gentrix alishika jeneza hata wakamtoa kwa nguvu. Watu wote waliniuliza jambo lile lile, nami nikawajibu wote jibu moja: mti ulikuja na maji, kamba ikakwama.

Ni kweli. Lakini kuna jambo lililotangulia.

Jumanne, 14 Mei

Gentrix alirudi shule jana. Niko peke yangu, nitaandika yote.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga mto hata ng'ambo ilionekana kwa shida. Titus alitoa mgono wa saba na wa sita, akaileta ukingoni, akarudi kwa ule wa tano. Nilikuwa naona kichwa chake na mabega, kisha kichwa tu. Alisema "regeza," nikalegeza. Alisema "shika," nikashika. Tulikuwa tunafanya kazi vizuri. Hata hofu sikuwa nayo, nilikuwa nawaza chai.

Kisha mti ukaja, mzima, na mizizi yake. Mimi sikuuona mpaka ulipogonga uzio. Yeye nadhani aliuona mapema, kwa sababu aligeuka akanitazama na kupiga kelele. Na mimi nikasikia: "Niregeze!"

Nilijua huyu ni Titus, na l zake zote ni r. Nikamsahihisha kichwani: nilegeze. Anataka kamba ndefu aukwepe ule mti. Nikaachia. Akapiga kelele tena, kwa nguvu zaidi, nami nikaachia zaidi, haraka, viganja vikachubuka. Mara ya tatu nikasikia lile neno lote, mpaka mwisho wake. Halikuwa na z.

Niregeshe.

Alikuwa anasema nimrudishe. Nimregeshe kwangu, ukingoni. Lilikuwa neno sahihi kwa kila mtu wa huku, na r yake ilikuwa mahali pake. Mwanamume huyu alikosea l miaka kumi na tisa; siku aliyopatia, mimi nikamsahihisha.

Nilivuta. Mungu anajua nilivuta. Lakini kamba niliyoiachia ilikuwa imepita chini ya mti, na kila nilipovuta nilikuwa namvuta chini ya matawi. Nilipoelewa hilo pia, kamba ilikuwa haina uzito.

Kwa nini hakusema "vuta"? Neno "vuta" halina l wala r, hata mtoto wa chekechea hawezi kulikosea. Nimeuliza swali hilo siku kumi na mbili, nikiosha vyombo, nikiomba, nikiwa chooni.

Nikisema, wataniambia nimemuua. Mama Khalayi ana haki ya kunifukuza hapa. Gentrix atakuwa mtoto wa mwanamke yule aliyeachia kamba. Nisiposema, nitakula chakula cha mama huyu mpaka mmoja wetu afe.

Ijumaa, 17 Mei

Kila asubuhi analeta uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, anauweka kizingitini, anabisha mara moja na kwenda zake. Haniongeleshi. Nilidhani ananichukia, lakini mtu anayekuchukia hachuji uji wako.

Jumapili, 19 Mei

Gentrix alipiga simu kutoka shuleni, simu ya matroni. "Mama, Baba alisema nini mwisho?"

Nilisema hakusema kitu, ilikuwa haraka sana.

"Si hata angesema tu jina yangu," akasema, na dakika zikaisha.

Jumatano, 22 Mei

Uji.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekutana na Onesmus njiani na koleo lake. Alitazama miguu yake. "Pole, Mama Gentrix," akasema, kisha akabaki amesimama, kisha akaondoka. Huyu alikuwa ng'ambo siku ile. Alikuwa karibu na Titus kuliko mimi.

Nimerudi nyumbani nikafunga mlango.

Jumatano, 29 Mei

Uji ulikuwa na ndimu leo. Nilimwambia Titus mwaka gani sijui kwamba napenda wenye ndimu. Ina maana alimwambia mamake. Ina maana si kila siku walikuwa wakinisengenya. Miaka kumi na tisa nilipita pale na ndoo nikiwawazia mabaya, kumbe wakati mwingine walikuwa wanaongea habari ya ndimu, na wakati mwingine ya kuku.

Jumapili, 2 Juni

Maji yamepungua. Nguzo nne zimebaki. Nimetega migono miwili upande wa kina kifupi, maji yananifika magotini, sihitaji mtu ukingoni. Adhiambo alikuwa hajatia mguu hapa tangu msiba. Mtu akifa majini hakuna anayekula samaki wa mto mpaka mwezi uishe. Leo alikuja, akawatazama kambare wangu wawili muda mrefu. "Dada, nitawachukua," akasema, "lakini watu wakiuliza nitasema ni wa bwawa."

Nilimwambia aseme anavyotaka. Sisi wawili tulilia hapo ukingoni, na wateja wake wakangoja sokoni.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimesema.

Nilimkuta mama Khalayi uani, ameketi kwenye mkeka anaambua maharagwe. Sikungoja anikaribishe. Niliketi upande wa pili wa ungo, nikachukua maganda yangu. Tukaambua.

"Mama," nikasema. "Siku ile Titus alisema kitu."

Mikono yake haikusimama. "Sema."

Nikasema. Neno alilosema, neno nililosikia, kamba niliyoiachia mara mbili kabla ya kuelewa. Sikulia, niliogopa kwamba nikilia ataacha kusikiliza na kuanza kunibembeleza, na sikutaka kubembelezwa. Nilisema pia kwamba ni mimi niliyetaka twende kuokoa migono. Nikamaliza nikasema, "Ukitaka niondoke, Mama, nitaondoka. Mtoto tu usimfukuze."

Aliambua ganda moja, akaambua la pili.

"Onesmus alikuja kwangu siku ya tatu," akasema. "Kabla hata wampate. Alisikia kutoka ng'ambo. Niregeshe, niregeshe. Aliona kamba inaenda mbele. Nilimwambia afunge mdomo, na amefunga."

Sikuweza kumtazama. "Ulijua wakati wote?"

"Nilijua."

"Na ule uji?"

"Hiyo uji, nilikuwa nakungoja. Kila asubuhi nabeba nasema leo ataniambia. Siku ingine nilitaka kukumwagia kwa kichwa." Alivuta pumzi. "Unakuwanga na kiburi, Mama Gentrix. Tangu uolewe. Nikasema huyu hatasema, ataenda na hiyo kitu mpaka kaburi. Sasa umesema."

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Sitakudanganya. Siku ingine naamka nimekusamehe, nikiona kiatu ya mtoto yangu imeisha. Lakini hii boma ni yako. Hakuna mtu atakutoa, hata mimi."

Hapo ndipo nililia. Aliniacha nilie, akaendelea na maharagwe, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilipotulia akasema, sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe: "Iko kitu moja nashindwanga nayo. Mimi si wa hapa, mimi nilitoka Bungoma. Nilijifunza hii Kiwanga yao, naongea mpaka wanasahau. Lakini nikizaa, hao watoto wote, nilikuwa naita na Kibukusu. Mtu akifika mahali pa kufa anaitanga na lugha ya mamake. Sasa huyu wangu, maji imefika kwa mdomo, na anatafuta Kiswahili. Kwa sababu ni wewe uko na kamba."

Nilikuwa sijaliona hivyo. Siku zote hizi nimeuliza kwa nini hakusema "vuta." Sikuwahi kuuliza kwa nini hakuita kwa lugha yake. Aliishika sheria yangu mpaka ndani ya maji.

"Kwa Kiwanga angesemaje?" nikauliza. "Akitaka nimvute."

"Khwesa," akasema. "Hata sisi Wabukusu ni hiyo. Khwesa tu."

Nilijua neno hilo. Kwetu Maragoli ni kwesa. Bibi yangu alikuwa akituhimiza hivyo tukitoa ng'ombe kwenye matope, sisi watoto wanne kwenye kamba moja, kwesa, kwesa, na mwili ulikuwa unarudi nyuma wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Ningelisikia katika mvua yoyote. Kh au k, nisingesimama kumsahihisha mtu. Ningevuta.

Nadhani alikuwa ananitazama usoni, kwa sababu mikono yake ilisimama kwa mara ya kwanza.

"Na nyinyi huko kwenu," akasema, "mnasemanga aje?"

Nilikuwa nimetoka kuapa moyoni kwamba sitamficha mama huyu kitu tena. Nilitazama maharagwe.

"Kwetu ni tofauti, Mama. Ni neno tofauti kabisa."

Alitikisa kichwa polepole, mabega yakashuka, na uso wake ukawa na utulivu ambao sijauona tangu siku ya mazishi.

"Basi," akasema. "Basi hata hiyo haingemsaidia."

Akausogeza ungo katikati yetu, na tukaambua yaliyobaki.